Usiku wa Kuhesabiwa

Nilifika Kwa Ruwa saa tatu asubuhi, pikipiki nikiisukuma
tangu Korongo la Ndzovu, pale mchanga unapomeza gurudumu.
Kishikwambi kifuani, kizibao cha kung'aa mgongoni,
na swali tulilokaririshwa siku sita Malindi mjini
kwa chai na mahamri:
nani alilala hapa usiku wa kuamkia leo?

Nyumba kumi na moja.
Moja ina mlango haina mtu,
nyingine ina mtu haina mlango.
Mbeyu wa Jefwa alinihesabia kwa vidole; vilipomwishia
akaazima vya mwanawe.
"Arobaini na mmoja," akasema. "Na mbuzi?"
Mbuzi wana ukurasa wao, nikamjibu.
"Wana bahati."

Umbali hadi barabara ya lami, kwa kilomita?
Wakanitazama kama niliyeuliza uzito wa usingizi.
Kwa mtu mtupu, alisema Chengo, jua hutoka hapa
(akaonyesha bega) likafika hapa (akaonyesha utosi).
Kwa gunia la makaa, ongeza vituo vinne vya kupumzika.
Kwa kapu la mapapai, ukifika uza upesi, yamekwisha iva njiani.
Kwa mgonjwa
inategemea mgonjwa ana kilo ngapi.
Nikaandika kumi na tisa. Mashine haimezi maneno.

Na usafiri?
Lori la Masha huja Ijumaa, mvua isiponyesha.
Mvua isiponyesha hatuna cha kupakia.

Nyumba ya sita haikuwa na kitanda.
Sakafuni palikuwa na vishimo vinne vya miguu yake,
na kati ya vishimo, kuku amelala.
Nyevu analala hapa?
"Analala."
Jana alilala?
"Jana alibebwa. Saa nne usiku, yeye na kitanda,
wanaume wanne, na Nzai mbele kwa tochi."

Basi nikafuta sita. Ndiyo kanuni:
aliye njiani huhesabiwa njiani, na atakayemkuta.
Thelathini na watano, nikasema.
Mbeyu akaweka ungo chini.
"Mwanangu, unatupunguzaje kwa kutembea?"

Alasiri kitanda kilirudi.
Juu yake mfuko wa unga, sabuni ya mche,
na dumu la mafuta ya taa, la bega hili na la bega lile;
nani afike lamini akarudi mikono mitupu?
Mtoto amezaliwa, walisema, palepale korongoni,
wa kike, ana sauti.
Kisha mama na mwana wakadandia gari la samaki
kwenda hospitali, wamekalia barafu.

Alizaliwa kabla ya saa sita usiku, au baada?
Nililazimika kuuliza. Wa kabla huhesabiwa,
wa baada hungoja miaka kumi.
Hakuna aliyekuwa na saa. Betri ya tochi ilikufa kwanza,
akasema Nzai, halafu fisi akalia, halafu mtoto;
au mtoto, halafu fisi.
Wakatazamana. Chengo akanisogelea kwa sauti ya sokoni:
"Ipi ina faida?"

Ningewaambia nini? Kwamba ofisini kuna ramani,
na vijiji visivyofika watu mia
vimechorwa kwa kalamu ya risasi?
Wawili wa Mbeyu wamehamia Gongoni, kisa njia.
Njia haiji, kisa wawili wa Mbeyu.

Nikaandika: kabla. Fisi ashuhudie.
Thelathini na sita, ingawa
hakulala hapa, na pengine hakulala kabisa.
Mashine ikaniuliza jina.

"Bado," akasema Mbeyu, akiutwaa ungo wake.
"Jina atampa mamake, atarudi nalo."
Lini?
Alitazama kule nilikotoka, na pikipiki yangu
iliyolala ubavu mchangani.
"Si Ijumaa hii. Naona mawingu."